Jino la Kukatia Uzi

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umeshiba na umelala vya kutosha, ingawa najua wanachuo mkikaribia mitihani mambo hayo mawili ni ya kubahatisha. Sisi huku tunapumua. Mjomba anakusalimu sana, na anauliza kama huko chuo cha ualimu wanafundisha pia namna ya kukumbuka wajomba. Mimi ni mzima ila nimechoka, na sababu ya uchovu wangu utaielewa ukisoma. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kufanya jambo lolote. Tena usishike kalamu nyekundu ukiona mwandiko umepinda. Naandikia juu ya ubao wa kukatia vitambaa, na cherehani inatikisa kila kitu.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yetu ni moja, na makao yake ni mfuko wa aproni ya mama. Ukipiga, yeye huweka sauti kubwa ili sote tusikie, halafu anajibu maswali yote peke yake, hata yale unayoniuliza mimi. Mara ya mwisho ulipomuuliza anaendeleaje alikwambia hana hata mafua. Hakusema uongo, dada. Mafua kweli hana.

Mama anaumwa jino. Lilianza siku za baridi. Alikunywa maji ya bomba asubuhi, akaruka kwenye kiti na kushika shavu la kushoto, nikadhani amejidunga sindano. Akasema jino limempiga shoti, akacheka, akaendelea kushona. Maumivu yalikuja ghafla yakaondoka ghafla, ndiyo maana hakuyajali. Alisema maumivu yenye haraka namna hiyo yana shughuli zao kwingine, hayawezi kukaa. Lakini yakawa yanarudi. Akinywa kitu cha baridi yanarudi, akinywa chai ya moto yanarudi, akila chungwa yanarudi. Hata akifungua mdomo mlangoni kumwita mteja aliyepita, upepo ukiingia tu, anafunga macho na kukunja uso. Mwishowe akaacha kuita wateja, akawa anawapigia makofi.

Unajua watu wa mtaa wetu, kila mmoja ni daktari. Mjomba alisema ni sukari, kwa kuwa mama hutia sukari kwenye chai kama anayechanganya saruji. Kisha akaleta koleo kutoka kwenye sanduku la vifaa vya lori lake, akaeleza kwamba jino ni kama plagi ya injini, likisumbua linafunguliwa, maisha yanaendelea. Mama akamuuliza kama yeye amewahi kufungua la kwake. Mjomba akajibu kwamba la kwake halisumbui. Akaambiwa arudishe koleo garini na akae mbali na mdomo wa dada yake. Yule mama wa duka la vitambaa, tunayemwita Mama Mita, yeye alileta karafuu. Mama akawa anaweka karafuu kwenye jino mchana kutwa, mpaka mteja mmoja akanusa suruali yake akauliza kama tumeifulia jikoni.

Mimi nami sikubaki nyuma, maana tumesoma meno darasani. Nilimweleza mama kwamba jino lina gamba gumu nje, chini yake tabaka laini zaidi, na katikati kabisa kuna mishipa inayohisi. Gamba likilika kwa uchafu na sukari, au likisuguliwa kupita kiasi, au fizi ikirudi nyuma ikaacha shina wazi, baridi hupata njia ya kufika ndani. Nilimmulika kwa tochi ya simu nikatafuta tundu. Sikuona. Nikamtengenezea maji ya uvuguvugu yenye chumvi asukutue. Nikamnyang'anya mswaki wake mgumu, ule anaousugulia meno kama sufuria lililoungua, nikampa laini pamoja na dawa ile ya meno yanayopata ganzi. Maji ya baridi yakapungua ukali kidogo. Nikajisikia mtu mwenye maana.

Lakini mama alikuwa na maelezo yake mwenyewe, na hayo ndiyo aliyoyaamini. Unakumbuka anavyobana pini midomoni akipima nguo, mpaka anaongea kama mtu anayepuliza mshumaa? Alisema ni hizo pini. Chuma ni baridi, na baridi ya chuma imeingia kwenye jino. Hakufikiria kuziweka mahali pengine. Alianza kuzipasha moto. Kopo la pini likahamia kando ya pasi, na pasi ikiwa imepoa aliliweka juu ya kikombe cha chai. Alipohitaji pini aliniambia nizijaribu kwanza kwenye mkono, kama maziwa ya mtoto. Na mimi, dada, na elimu yangu yote ya gamba na tabaka, nilikuwa nazijaribu.

Kisha likaja jambo ambalo pini za moto hazikulitibu. Akitafuna mkate hasikii kitu, lakini akiachia tu, pale meno yanapoachana, shoti inapiga mpaka sikioni. Akahamia upande wa kulia. Akaanza kula viazi vilivyopondwa na mkate uliolowekwa kwenye chai. Kulikuwa na oda ya sare za shule nzima, zikipangwa ukutani mpaka dirisha likafunikwa. Nikirudi shuleni napiga pasi, napika, napeleka nguo zilizokamilika, halafu ndipo nafungua daftari langu. Silalamiki. Nakueleza tu ili ujue kwa nini alama zangu za hesabu zimeshuka kabla hujazisikia kwa mtu mwingine.

Aliyetuokoa ni Mwalimu Mkuu, mwenye ile oda. Alikuja kupima koti lake. Mama alikuwa anamalizia vifungo koti likiwa mwilini mwa mwenyewe, akainama kukata uzi wa kifungo cha mwisho kwa meno kama alivyokata maisha yake yote, akaganda hapo hapo, uzi ukiwa bado mdomoni. Machozi yalimtoka bila sauti. Mwalimu Mkuu alivua koti lile taratibu akaliweka mezani. Akasema hatavaa nguo iliyomaliziwa kwa machozi ya mtu, na kwamba kesho asubuhi akipita hapa anataka kukuta mlango umefungwa na fundi yuko hospitali. Mama akaanza kusema habari za sare. Akaambiwa kwamba watoto wana ngozi, hawatafika shuleni uchi wa mifupa. Halafu akanigeukia mimi, akasema nimsindikize mama, maana anamjua, akienda peke yake ataishia sokoni.

Daktari wa meno ni mwanamke kijana, mpole, mikono yake haina haraka. Mama alipolazwa kwenye kile kiti alishika mikono ya kiti kama anayeshuka mteremko bila breki. Daktari hakuanza na vyuma, alianza na maswali. Maumivu huja na nini, hukaa kwa muda gani, yanapiga mahali pamoja au yanatembea. Alieleza kwamba shoti fupi inayokwisha mara moja baada ya baridi mara nyingi ni tabaka la ndani lililoachwa wazi. Maumivu yanayobaki yakipwita muda mrefu baada ya kitu cha moto huonyesha kwamba mishipa ya ndani yenyewe imeshaumia. Hata mafua yaliyoziba kwenye mashavu huweza kuyafanya meno ya juu yaume ilhali hayana kosa. Ndiyo maana, alisema, mtu asing'oe jino kwa kukisia. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anamfikiria mjomba, nilimwona kwenye macho.

Akapuliza hewa kidogo kwenye kila jino. Akagonga moja moja kwa mpini wa kioo chake. Kisha akachukua kijiti kidogo, akamwambia mama akiume kwa jino moja, halafu aachie, kisha jino linalofuata. Walipofika jino la pembeni, lile linalofuata chonge, mama aliuma bila taabu, akaachia, na papo hapo akaudaka mkono wa daktari, hakuuachia. Daktari alingoja tu. Mama alipotulia, akamuuliza kama yeye ni fundi cherehani.

Mama akataka kujua nani kamwambia. Daktari akasema meno yake ndiyo yaliyomwambia. Akanipa kioo nione. Dada, meno mawili ya mbele ya mama yana pengo dogo katikati ya makali yao, kama mfereji, pale uzi ulipopita miaka yote. Tumeliona kila siku akicheka, hatukuwahi kuliulizia. Meno ya mbele yalipoanza kuchoka, mama alihamishia kazi pembeni, kwenye nyuzi nene za vifungo na za jinzi. Na hilo jino la pembeni limepata ufa. Ni ufa mwembamba kama unywele, tochi yangu isingeuona. Mama akiuma, pande mbili za jino zinaachana kidogo, na akiachia zinarudiana na kuibana mishipa. Hiyo ndiyo shoti.

Daktari alikuwa na habari njema na ya kutisha, akazitoa pamoja. Habari njema ni kwamba ufa haujashuka mpaka kwenye shina, jino linaweza kupona. Alilipunguza kichwa ili lisigongane na la juu, akalifunga pete nyembamba ya chuma kulishikilia, na akasema likitulia atalivisha kofia ya kudumu. Mishipa ikigoma, itabidi asafishe ndani ya mzizi kwanza. Ya kutisha ni kwamba likiendelea kufanya kazi ya mkasi litapasuka mpaka chini, na hapo hakuna atakayeliokoa, litang'olewa. Akampa vidonge vya maumivu vya kumeza, akamkataza kuviweka juu ya fizi kwa sababu vinaunguza. Shavu likivimba au homa ikipanda, tusingoje siku ya miadi. Pini marufuku. Uzi marufuku. Mama akaitikia yote kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tulirudi nyumbani na mkasi mdogo mpya, wa kunyofolea nyuzi. Mimi nilikuwa na furaha. Nilidhani hadithi imekwisha.

Siku ya kwanza mama alikata uzi wa mkono wa shati, akakata na shati. Akacheka, akasema mkasi bado mgeni, haujui mipaka. Akaweka kiraka kwa ndani vizuri kabisa. Siku iliyofuata alikata kola. Hakucheka. Baada ya hapo mkasi ukaanza kupotea, mara uko chini ya vitambaa, mara uko kwenye droo, na nikirudi shuleni namkuta ameinama, uzi mdomoni, upande ule ule wa pete. Nilimkasirikia, dada. Nilimwambia kwamba mimi daktari akinikataza jambo yeye hunisimamia kama askari wa lango, sasa nani amsimamie yeye. Nilimwuliza kama anataka kuishi kwa uji wa viazi. Mama tunayemjua angenijibu maneno ambayo ningeyakumbuka mpaka niolewe. Safari hii aliinama tu akaendelea kushona. Ndipo nikaanza kumtazama vizuri.

Nikamtazama mchana, mlango ukiwa wazi na jua limejaa mezani. Alifika mwisho wa mshono. Hakuangalia uzi. Aliufuata kwa kidole mpaka unapotoka kwenye kitambaa, akainama, akaugusa kwa ulimi, ulimi ukamwonyesha mahali, ndipo akauma. Hapo akili yangu ikarudi nyuma kwenye mambo mengi. Kwa miezi mingi mama amekuwa akiniita nimtajie rangi za nyuzi kwenye boksi, hii rangi gani, na hii je, nami nikimjibu kwa sauti ya darasani, nikidhani ananifundisha ufundi. Alikuwa haulizi kwa kunipima. Alikuwa anauliza kwa kutojua. Mkasi unataka macho, dada. Meno hayataki.

Nilichukua rili ya uzi mweusi na ya bluu iliyokolea, nikamwekea mkononi, nikamuuliza kwa upole ipi ni ya sare. Alizigeuza muda mrefu. Kisha akaniambia nifunge mlango kwanza.

Alisema ni kama kutazama kupitia dirisha la jiko wakati sufuria linachemka. Vitu vipo, lakini vimefunikwa mvuke, na mvuke hauishi. Taa humletea miduara. Nyuso huzijua kwa sauti na kwa mwendo. Nikamuuliza tangu lini. Na hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Tangu kabla hujaondoka, dada. Alipokushonea nguo za kwenda nazo chuoni tayari alikuwa anashona kwa vidole. Asubuhi ile ulipoondoka, tulipokupungia kituoni, alipunga kuelekea lilikosikika basi.

Hakukwambia kwa sababu anakujua. Alinikumbusha mwaka ule alipovunjika mkono, ulivyoacha shule muhula mzima bila kuulizwa na mtu, ukakaa kwenye cherehani, na ilivyobidi urudie darasa na watoto waliokuwa wadogo kwako. Alisema mara hii hatakupa nafasi hiyo. Utamaliza kwanza, utapata cheti, ndipo atakapoona.

Tuliporudi kwa daktari kukagua ile pete, nilimwambia kila kitu mbele ya mama, na mama alinifinya paja. Daktari alisema yeye si wa macho, lakini alimmulika, akasema anaona weupe katikati ya mboni zote mbili, na kwa kukadiria kwake ni mtoto wa jicho. Alisema ni jambo linalofanyiwa upasuaji mdogo, jicho moja kwanza, kisha la pili, na wengi huona tena vizuri. Chumba cha macho kipo kwenye ukumbi ule ule. Tulifika mpaka mlangoni. Mama alishika kitasa, akakiachia, akasema tutakuja siku nyingine. Nilimuuliza kama anaogopa kisu. Alisema kisu hakiogopi. Akifanyiwa itabidi apumzike bila kushona, wewe utapiga simu na kusikia cherehani kimya, utauliza, na siku ya pili utakuwa mlangoni na begi lako.

Sasa nimekwambia, na yeye hajui kwamba nimekwambia. Aliniomba nisiseme. Sikuahidi, nilinyamaza, na yeye akachukua kunyamaza kwangu kuwa ni ndiyo. Ameketi mbele yangu sasa hivi ninapoandika. Zamani angenyoosha shingo akasoma, akaniambia herufi zangu zimelewa. Leo ameniuliza naandika nini, nikasema naandika, naye akasema vizuri, insha zako ziwe ndefu.

Dada, najua unapofika mahali hapa umeshasimama, na mkono wako umeshalishika begi. Liweke chini. Nakuomba kwa heshima zote, usije. Ukija, mama atakuwa amethibitisha alichokiogopa, na hatanyoosha mkono kwenye kitasa kile tena. Kitu kimoja tu kitamwingiza mlangoni, nacho ni kukusikia wewe ukimwambia kwamba unajua kila kitu na bado uko darasani. Piga simu. Mwambie mimi ndiye niliyesema, usinifiche, nitabeba hasira zake. Mwambie kesho yake una mtihani na utaufanya. Mwambie hivyo kwa sauti ya kawaida, hata kama itabidi ulie kwanza halafu ndipo upige.

Ya huku niachie. Mjomba amekubali kuacha safari moja atupeleke hospitali kwa lori na kuturudisha, na ameapa kuliacha koleo nyumbani. Mwalimu Mkuu amesema sare zinaweza kuchelewa. Na jino tumelipatia mpango. Mama anashona tu, hakati. Kila akimaliza nguo anairusha kwenye kapu na nyuzi zake zote zikining'inia, nikirudi shuleni nakuta kapu limeota ndevu, nakaa na ule mkasi mdogo nanyofoa. Vidole vinaniuma, na wakati mwingine nasinzia na mkasi mkononi, lakini leo sijakuta hata uzi mmoja uliokatwa kwa meno. Hata mmoja, dada. Amenisubiri. Mtu anayeweza kusubiri mkasi wangu ataweza kulala chini ya taa ya daktari.

Wasalimie wenzako wa bwenini, hasa yule anayekuazima pasi. Kula vizuri, na tafuna pande zote mbili ukiwa bado unaweza. Mama angejua kuna bahasha inayokuja kwako angesema nikuandikie kwamba anakuombea kila siku, kwa hiyo naandika, kwa kuwa ni kweli. Simu huwa hewani muda wote. Ukipiga jioni nitakuwa karibu naye, na nitakuwa nimeshampa kiti.

Mimi mdogo wako anayekupenda na kukusubiri hewani,

Kasuku